Ua na Lango: Jinsi Jumuiya Ndogo za Kidini Zinavyoshikamana

Tangu Aprili 2023, polisi wa Kenya walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, swali moja limekuwa likirudiwa madarasani, makanisani, misikitini na kwenye vijiwe vya kahawa: watu wazima, wenye akili zao, waliwezaje kukubali? Swali hilo lina kasoro. Linachukulia kwamba jumuiya ya kidini iliyojifungia husimama juu ya mafundisho yake, na kwamba ukishayapangua mafundisho hayo, jumuiya yenyewe itaporomoka. Historia ya ukanda wetu haioneshi hivyo. Watu huingia katika jumuiya za aina hii kwa sababu nyingi, imani ikiwa mojawapo. Hubaki humo kwa sababu za kawaida kabisa: shamba, mwenzi wa ndoa, watoto, ulinzi, na kutokuwa na mahali pengine pa kwenda. Anayetaka kujua jumuiya kama hiyo inaelekea wapi hana budi kuchunguza lango lake kabla ya kuchunguza mahubiri yake.

Nitaanza na mfano wa nyumbani. Ukiwa Kapalamsenga, katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, mazungumzo ya siku hizi ni ya shaba, ya barabara, na ya bandari mpya ya Karema. Wachache hukumbuka kwamba Karema hiyo hiyo, iliyoko ufukweni mwa ziwa katika wilaya hiyo hiyo, ilikuwa mahali ambapo jumuiya ya kidini iliyozungukwa na ukuta ilijengwa kwa watu ambao hawakuwa na ukoo, hawakuwa na lugha moja, na hawakuwa wamechagua kukutana.

Inafaa kwanza kuikumbuka nchi yenyewe ilivyokuwa. Miaka ya 1870 na 1880, eneo lote kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika lilikuwa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa. Watu waliotekwa Manyema na Marungu, ng'ambo ya ziwa, walivushwa kwa mitumbwi na majahazi, wakapelekwa Tabora na pwani. Mirambo alikuwa ametawala Urambo na kuzitikisa njia zote hizo hadi alipofariki mwaka 1884. Machifu wadogo walijenga ngome za miti na kuajiri rugaruga. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa huko Mpimbwe, ndani ya mkoa huu wa Katavi wa leo. Carter ndiye aliyekuwa ameongoza ule msafara wa ajabu wa tembo wa India, walioletwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ili wafundishe wenzao wa Afrika kubeba mizigo. Tembo wanne walishushwa pwani mwaka 1879, na mpango wote ukafa pamoja nao. Naitaja habari hii kwa sababu inaonesha jinsi watu wa mbali walivyoifikiria nchi hii: mahali patupu pa kufanyia majaribio.

Ngome ya Karema ilianzishwa mwaka huo huo wa 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Leopold. Baada ya Mkutano wa Berlin, macho ya Leopold yakahamia Kongo, na mwaka 1885 vituo vya Karema na Mpala, kimoja kila upande wa ziwa, vikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe. Mapadri wakarithi kuta, mizinga midogo, mashamba na uhasama wa majirani. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa na ndoto kubwa kuliko kanisa: aliwaza ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, chini ya mtawala Mkristo. Leopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alifika Mpala mwaka 1887 na kuwa mlinzi wa misheni kwa bunduki. Ufalme haukusimama. Vijiji vilisimama.

Vilisimama kwa namna gani? Mapadri walinunua watu. Kwa fedha za michango ya Wakatoliki wa Ulaya, waliwatoa watoto na watu wazima mikononi mwa wafanyabiashara waliokuwa wakipita. Watoto walilelewa katika nyumba za misheni, wakafundishwa sala, kusoma na kilimo. Siku iligawanywa kwa kengele. Walipokua, waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na kipande cha shamba karibu na ngome. Hivyo mtu aliyekuja bila baba, bila mjomba, bila mtu wa kumtolea mahari, alipata vyote kutoka chanzo kimoja. Padri alikuwa mzee wa ukoo, mshenga, mgawa ardhi na hakimu.

Hapa lugha yetu wenyewe ina ushahidi ambao tunaupuuza. Neno tunalotumia kwa kazi ya Kristo ni kukomboa, na yeye ni Mkombozi. Neno hilo hilo ndilo la mtu anayelipa fedha ili kumtoa mtumwa, na ndilo la mtu anayekwenda kuichukua mali yake iliyowekwa rehani. Kwa kijana wa Karema wa mwaka 1890 maana hizi tatu hazikutengana. Aliyehubiriwa habari za kukombolewa alikuwa amekombolewa kweli, kwa nguo, shanga au fedha, na alimjua aliyelipa. Mahubiri hayo hayakuhitaji hoja. Lakini neno hilo lina upande wa pili: kitu kilichokombolewa kina mwenyewe. Mtu aliyetolewa utumwani hakuwa huru kuondoka apendavyo, maana nje ya ukuta angeweza kukamatwa tena kabla ya jua kuchwa, na ndani ya ukuta alikuwa na deni ambalo hakuna aliyelitaja. Walikuwepo waliotoroka. Wengi walibaki, na hatuna haki ya kusema kwamba walibaki kwa kudanganyika. Walipima nje na ndani, wakaona ndani ni afadhali.

Ndiyo sababu nasema ukuta peke yake hauelezi jambo. Ibn Khaldun, aliyeandika Afrika ya Kaskazini katika karne ya 14, aliita asabiyya ile nguvu inayowafanya watu wahesabiane kuwa kitu kimoja. Akaona kwamba damu huianzisha, lakini ushirika wa maisha na wa hatari unaweza kuizalisha hata pasipo damu, na dini huizidisha. Mwanasosholojia wa Marekani, Rosabeth Moss Kanter, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alilinganisha jumuiya 30 zilizojitenga nchini mwake kati ya miaka 1780 na 1860. Kipimo chake cha kufaulu kilikuwa kudumu miaka 25. Ni 9 tu zilizofaulu. Zilizodumu hazikuwa zenye mafundisho laini. Zilikuwa zile zilizodai kwa mwanachama vitu vinavyoonekana: mali yake, muda wake, mavazi yake, mara nyingine ndoa yake. Aliyetoa sana hakutaka kuamini kwamba alitoa bure.

Uchunguzi wa Kanter una nguvu, lakini unaacha jambo moja ambalo Karema hulionesha vizuri: kinachotokea pale ulimwengu wa nje unapobadilika. Jumuiya inayodumu kwa sababu nje kuna hatari itafanya nini siku hatari hiyo ikiondoka?

Mtu wa kumfuatilia katika swali hili ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tindirma, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako Mapadri Weupe walimkomboa. Walimpeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema. Alikaa hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya kutibu watu mahali pamoja; sijui kama kuna tabibu mwingine katika historia ya Tanzania anayefikia nusu ya kiasi hicho kwa uvumilivu huo. Leo hospitali ya Sumbawanga ina jina lake.

Atiman alikuwa zao halisi la ule ua: mtumwa aliyekombolewa, katekista, mtu wa misheni kwa kila hali. Lakini kazi yake haikuweza kufanyika ndani ya ua. Kidonda hakina dini. Waliofika kwake, na wale aliowafuata vijijini, walikuwa Wabende na Wafipa, waamini wa mizimu na Waislamu, wavuvi na wapagazi. Tena hakuoa miongoni mwa waliokombolewa. Alimwoa binti wa chifu wa Kibende. Ndoa hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kwa ndoa hiyo mtu asiye na ukoo akapata wakwe wenye nchi, na jumuiya ya wageni ikapata mashemeji nje ya ukuta. Mwanawe Joseph akawa padri. Katika vizazi viwili, mstari kati ya watu wa misheni na watu wa nchi ulikuwa umepenyezwa na damu, dawa na maziko.

Wakati huo huo dola ilikuwa ikibadilisha bei ya usalama. Wajerumani walivunja misafara mikubwa ya watumwa, na wao wenyewe wakaleta aina nyingine ya shuruti. Waingereza walipiga marufuku utumwa wa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kuanzia hapo mtu aliyetoka nje ya ngome ya Karema hakuwa windo. Kulingana na nadharia ya hofu, jumuiya ingepaswa kusambaratika. Haikusambaratika, wala haikubaki ilivyokuwa. Ilipanuka na kuwa parokia, kisha makao ya jimbo. Mwaka 1953 Karema likawa jina la dayosisi nzima, hadi makao yalipohamia Sumbawanga na jina likabadilishwa mwaka 1969. Ule ua ulioyeyuka uliacha watu waliozoea kushirikiana, na sasa walishirikiana na jirani.

Na kabla haujayeyuka, ulizaa ua mwingine mdogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Askofu Adolphe Lechaptois, ndipo shirika la masista wa Kiafrika lilipoanzia Karema, wale wanaojulikana leo kama Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Msomaji asiye Mkatoliki aniruhusu kulitazama shirika la watawa kama mwanahistoria anavyolitazama. Ni jumuiya iliyofungwa kwa kiwango ambacho madhehebu mengi mapya hayakifikii: hakuna mali binafsi, hakuna ndoa, kuna utii kwa mkuu, kuna vazi moja. Kwa orodha ya dalili za hatari ambazo magazeti yalichapisha baada ya Shakahola, nyumba ya masista ingekamatwa siku ya kwanza. Tofauti iko kwenye lango. Sheria ya Kanisa ya sasa inataka unovisi usiopungua miezi 12, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua 3, ndipo nadhiri za daima. Nadhiri za muda zikiisha, anayetaka kuondoka huondoka bila kuomba ruhusa ya mtu. Hata wa nadhiri za daima ana utaratibu ulioandikwa wa kutoka. Mama mkuu ana kipindi cha uongozi, na juu yake yuko askofu ambaye hakai naye nyumba moja. Lango lenyewe ni zito kufunguka, hasa kuingia. Anayekawizwa mlangoni kwa miaka kadhaa hupata nafasi ya kujiuliza. Anayeambiwa auze kiwanja chake wiki hii hana nafasi hiyo.

Tuvuke sasa Ziwa Viktoria, maana upande wa Uganda kuna jumuiya iliyopata kipimo kigumu kuliko Karema, nayo haikuwa na Roma nyuma yake. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda, akitumaini kufanywa mfalme wa huko. Hakufanywa. Akaachana nao, akajiunga kwa muda na Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, na kwa kuisoma Biblia peke yake akafikia uamuzi kwamba Sheria ya Musa haijafutwa. Mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe, na karibu na Mbale ikaanza jumuiya inayoitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928. Kama mafundisho ya kiongozi ndiyo yanayoshikilia jumuiya, hadithi ingekwisha hapo.

Haikuisha. Mikasa ilikuja baadaye, Idi Amin alipopiga marufuku dini ya Kiyahudi. Jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilishuka hadi karibu 300. Wengine wote waliingia Ukristo au Uislamu, na hakuna aliyewafuata kuwaadhibu. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alione. Jumuiya iliyoruhusu tisa katika kila kumi waondoke ilibaki na mmoja ambaye hakuwa na shaka, na baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, vijana wachache kwenye kilima cha Nabugoye wakaanza tena, wakiishi na kulima pamoja. Mwaka 2002 mamia yao walipokelewa rasmi na marabi wa mkondo mmoja wa Uyahudi. Mwaka 2004 mmoja wa viongozi wao akaanzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, ambao wanachama wake ni Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, akachaguliwa kuwa mbunge, na haiwezekani kushinda ubunge kwa kura za watu elfu mbili. Ndani ya ibada zao hawamruhusu mtu kubadili herufi. Kwenye mzani wa kahawa wanasimama foleni na kila mtu.

Wamarekani wana mifano yao ya pande hizi mbili. Washeka waliokataza ndoa walitegemea wageni na yatima. Yatima walipopata wa kuwalea kwingine, wakapungua hadi kubaki wachache wa kuhesabika. Waamishi, wanaotumia farasi na kukataa umeme wa gridi, walikuwa kama 5,000 mwaka 1900 na sasa wamezidi 300,000. Wanazaa sana, ni kweli. Lakini pia hawabatizi watoto: kijana huachwa afikie utu uzima, aijue dunia ya nje kwa kiasi fulani, ndipo achague. Walio wengi huchagua kubaki. Aliyeondoka kabla ya ubatizo hatengwi na wazazi wake.

Nimechelewa kwa makusudi kufika Kanungu na Shakahola, kwa sababu mara nyingi tunaanza na vifo na kwa hiyo hatuoni yaliyotangulia. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini wa vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa. Siku zilizofuata, maiti nyingine zilipatikana katika mashimo kwenye nyumba kadhaa za kundi hilo, na jumla ikapita 700. Viongozi wake, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walikuwa wametoka ndani ya Ukatoliki wenyewe. Sehemu kubwa ya sala zao ingesikika ya kawaida katika parokia yoyote. Kilichokuwa tofauti ni utaratibu wa maisha. Waliojiunga waliuza mali na kukabidhi fedha. Mume na mke walitenganishwa, na watoto wakatengwa na wazazi. Maneno yalizuiwa, watu wakazungumza kwa ishara. Mtu asiyeruhusiwa kuzungumza hawezi kujua kama jirani yake pia ana shaka. Kila mmoja akawa na shaka peke yake, na shaka ya mtu mmoja ni mzigo anaoubeba kama dhambi.

Serikali haikuwa haijui. Kundi lilisajiliwa. Lilikuwa na shule, na shule hiyo ilifungwa mwaka 1998 kwa sababu za afya na matumizi ya watoto kwa kazi. Nadhani hili ndilo jambo zito zaidi katika habari yote ya Kanungu, na ndilo lisilosemwa. Mkono wa dola ulifika hadi langoni, ukagusa jambo lililokuwa la kweli, ukaandika barua kuhusu shule, ukaondoka. Shule ilifungwa, watoto wakabaki ndani ya ua.

Shakahola ilirudia kosa hilo. Mhubiri Paul Mackenzie aliwahi kufikishwa mahakamani Malindi miaka kadhaa kabla, kwa tuhuma zilizohusu watoto kunyimwa shule. Mwaka 2019 alifunga kanisa lake mjini, na wafuasi wakahamia katika msitu ndani ya ardhi ya Chakama. Machi 2023 alikamatwa kuhusu vifo vya watoto, akaachiwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata ndipo makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili iliyopatikana ikazidi 400, watoto wakiwa wengi. Kuna jambo moja jipya katika mkasa huu ambalo Kanungu haikuwa nalo. Mahubiri yalisambaa kwa televisheni na intaneti, yakawafikia watu wa mbali, wakiwemo wasomi na watu wenye ajira. Ua wa zamani ulizuia sauti kuingia na kutoka. Ua wa sasa unaweza kutangaza nchi nzima na bado usipokee jibu hata moja. Ndiyo maana hoja kwamba teknolojia itazimaliza jumuiya zilizofungwa haina msingi. Imezipa mkono mrefu wa kuvuta watu, na msitu umebaki kuwa msitu.

Mkoa wa Katavi una misitu. Una pia ardhi ambayo watu wa mikoa mingine bado wanaifuata, wafugaji, wakulima, wachimbaji, na kila baada ya miezi kadhaa linakuja kundi linalotaka kukaa pamoja kwa sababu linasali pamoja. Hakuna ubaya katika hilo. Historia ya Karema inatuambia kwamba kundi la namna hiyo linaweza kuzaa hospitali, na ya Mbale inatuambia linaweza kuzaa ushirika. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa ardhi, kwa idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuliona lango hilo si Msajili wa Jumuiya aliyeko wizarani. Ni mtendaji wa kijiji, na wajumbe wanaokaa kwenye mabenchi ya shule kupitisha maombi ya mashamba.

Msajili hutazama katiba ya jumuiya, majina ya viongozi na ada. Hayo yote Kanungu ilikuwa nayo. Natambua hofu ya wanaharakati, kwamba tukiwapa watendaji ruhusa ya kuchungulia nyua za waumini, watawaonea wadogo na kuwaacha wakubwa wenye mawaziri katika viti vya mbele. Hofu hiyo ni ya haki. Amin naye alisema anailinda nchi. Lakini hofu hiyo inakuwa kubwa zaidi pale dola inapokagua imani, kwa maana hakuna mtumishi wa umma aliyesomea kutofautisha unabii wa kweli na wa uongo, na hapaswi kujaribu. Mambo ya langoni hayahitaji elimu ya dini. Shamba limeandikwa kwa jina la mwenye jembe au la kiongozi? Mwanamke aliyeondoka mwaka jana anaweza kuja kumwona mama yake, akalala, akaondoka? Watoto wenye umri wa shule wako katika daftari la shule, na je, mwalimu amewaona mwezi huu?

Swali la shule ndilo gumu kuliko yote, na sitajifanya kuwa limekwisha. Waamishi walikwenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 1972 wakashinda haki ya kuwatoa watoto wao masomoni baada ya darasa la nane. Jaji mmoja, William Douglas, alipinga kwa sehemu: aliuliza kwa nini hakuna aliyewauliza watoto wenyewe. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, na najua wazazi wengi wanyoofu, wa madhehebu makubwa kabisa, ambao hawajawahi kuisikia. Tukiitumia kwa wale walioko msituni peke yao, tutakuwa tumeanzisha uonevu. Tukiacha kuitumia msituni kwa kuogopa kuitwa waonevu, tumeshaona yaliyotokea Kilifi.

Kuna daftari moja ambalo kila kijiji kinatakiwa kuwa nalo na ambalo, kwa uzoefu wa kutembea kwangu, mara nyingi liko nyuma ya kabati au halipo kabisa: la waliozaliwa na waliofariki. Mapadri wa misheni, pamoja na yote tunayoweza kuwalaumu, waliandika ubatizo, ndoa na maziko ya watu waliowanunua, tena kwa majina, na kwa sababu hiyo wanahistoria wanaweza leo kuwafuatilia watu hao mmoja mmoja. Shakahola serikali ililazimika kuanza na vinasaba ili kujua nani amezikwa wapi.